Mkongo wa baharini na uwe pia mlinzi wa pwani

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, laweza kudhaniwa kuwa ni la mabingwa wa fizikia peke yao. Jambo lenyewe ni jinsi nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari kwa ajili ya simu na intaneti zinavyoweza kutumika kutambua matetemeko ya ardhi na mawimbi ya tsunami wakati ule ule yanapotokea. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili si la mabingwa tu. Linamhusu ofisa anayepitisha leseni, linamhusu mkuu wa wilaya ya pwani, na linamhusu mwalimu wa jiografia.

Hatuna budi kuanza na tarehe 26 Desemba 2004. Siku hiyo, karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika ya Mashariki, sakafu ya bahari magharibi ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, ilipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Mawimbi yaliyotokana na mpasuko huo yaliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Sri Lanka ilifikiwa baada ya saa mbili hivi, na watu zaidi ya 30,000 wakapotea. Pwani ya Somalia, iliyo mbali na Sumatra kwa kilomita zipatazo 5,000, ilifikiwa baada ya saa zipatazo 7. Mji wa Hafun ukabomolewa, na watu wapatao 300 wakafa katika nchi hiyo. Mawimbi yakaendelea kusini. Huko Kenya alikufa mtu mmoja. Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa waogeleaji katika fukwe za Dar es Salaam.

Naomba tuitafakari kwa makini tofauti ya saa. Watu wa Sumatra walikuwa na dakika chache tu. Hao, hata kama kungekuwa na mitambo, wengi wao wangepata taabu kuokoka. Lakini sisi tulikuwa na muda wa asubuhi nzima. Mtu aliyezama Dar es Salaam mchana ule aliuawa na jambo lililokwisha kutokea kabla hajaamka kitandani. Huko Kenya habari zilipata kufika, wakuu wakaamuru watu waondolewe katika fukwe, na idadi ya waliokufa ikawa ndogo. Kwa hiyo upungufu wetu wa siku ile ulikuwa upungufu wa habari. Wakati tulikuwa nao.

Tsunami ni kitu gani?

Wengi wetu tukisikia neno tsunami tunafikiria ukuta wa maji. Huo ukuta ni mwisho wa safari yake. Katika kina kirefu tsunami haionekani. Setilaiti mbili zilizopita juu ya Bahari ya Hindi kiasi cha saa mbili baada ya tetemeko la 2004 zilipima wimbi lenye kimo cha sentimita 60 tu. Baharia aliyekuwa juu yake asingehisi lolote, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa wimbi hilo huchukua dakika nyingi, na kutoka kilele hadi kilele huweza kuwa kilomita mamia.

Mwendo wa wimbi hilo hutegemea kina cha maji. Penye kina cha mita 4,000 hukimbia kilomita 700 kwa saa, yaani karibu sawa na ndege ya abiria. Likifika penye kina cha mita 10 mwendo hupungua hadi kilomita 36 kwa saa. Sehemu ya mbele inapopunguza mwendo, maji ya nyuma huzidi kusukuma, na hapo ndipo wimbi linapoinuka. Walimu wanaweza kuona kwamba hesabu hii ni nyepesi: ukijua kina cha bahari na mahali wimbi lilipoanzia, waweza kujua litafika lini. Lisilojulikana kwa urahisi ni kama wimbi lipo, na kama lipo, lina ukubwa gani.

Vyombo vya kupima matetemeko vilivyo nchi kavu husema mapema kwamba ardhi imetikisika, lakini havisemi kwa hakika kama bahari nayo imetikisika. Yako matetemeko makubwa yasiyoleta tsunami yoyote, na ziko tsunami zinazokuja bila tetemeko kubwa. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa mlima wa volkano uitwao Anak Krakatau, nchini Indonesia, uliporomoka baharini usiku. Watu zaidi ya 400 walikufa katika pwani za mlango wa bahari wa Sunda, na hapakuwa na onyo lolote, kwa sababu mitambo ilikuwa ikisubiri tetemeko ambalo halikuja.

Hata Japani, nchi iliyojiandaa kuliko zote, ilipata funzo kali. Tarehe 11 Machi 2011 onyo la kwanza lilitolewa dakika 3 tu baada ya tetemeko, lakini vipimo vya haraka vilikuwa vimelikadiria tetemeko hilo kuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Watu wa Iwate na Fukushima waliambiwa watarajie wimbi la mita 3. Makadirio yaliongezwa baadaye, vyombo vya baharini vilipoonyesha ukweli, lakini wakati huo umeme ulikuwa umekatika mahali pengi na wengi hawakuyasikia marekebisho. Katika sehemu mbalimbali maji yalipita mita 10. Waliokufa na kupotea walikuwa karibu 20,000. Funzo lake ni kwamba tetemeko ni dalili tu. Anayetaka kuijua tsunami hana budi kuipima bahari yenyewe.

Njia zinazotumika hivi sasa

Njia ya kwanza ya kuipima bahari ni vipimo vya maji bandarini. Hivi ni vizuri, lakini hutoa habari wakati wimbi limekwisha kumfikia mtu fulani. Njia ya pili ni maboya ya kilindini. Chombo hulazwa kwenye sakafu ya bahari, pengine penye kina cha mita 6,000, kikapima mgandamizo wa maji yaliyo juu yake kwa usahihi wa kutambua badiliko lisilofika hata sentimita moja. Habari hupandishwa kwa sauti hadi kwenye boya lililo juu, na boya huzirusha kwa setilaiti.

Kazi ya maboya haya ni kubwa, lakini gharama yake pia ni kubwa. Kila boya huhitaji meli ya kulitunza. Dhoruba hulikata, meli huligonga, na wavuvi hulifunga mitumbwi au kuling'oa vyuma. Indonesia iliwekewa maboya kwa msaada wa nchi za nje baada ya 2004. Tetemeko la Sulawesi lilipotokea tarehe 28 Septemba 2018, na watu zaidi ya 4,000 wakafa katika mji wa Palu na jirani zake, maboya ya nchi hiyo yalikuwa yamekwisha kuacha kufanya kazi miaka kadhaa nyuma kwa kukosa matunzo. Ni kweli kwamba huko Palu wimbi lilifika kwa dakika chache sana, na huenda boya lisingesaidia sana. Lakini mitambo iliyoletwa kwa shangwe na kuachwa ife bila fedha za matengenezo ni habari ambayo watumishi wa umma wa nchi yoyote wataielewa bila kufafanuliwa.

Japani ilichukua njia ya tatu. Baada ya 2011 ililaza waya wake maalumu mbele ya pwani ya mashariki, wenye vituo 150 na urefu unaozidi kilomita 5,000. Kila kituo hupima mtikisiko wa ardhi na mgandamizo wa maji, na habari hufika nchi kavu papo hapo kwa njia ya waya. Kwa mtambo huo tsunami yaweza kutambuliwa mapema kwa kadiri ya dakika 20 kuliko zamani. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ni nchi chache mno duniani zinazoweza kugharamia waya wa namna hiyo kwa ajili ya tahadhari peke yake.

Uzi wa kioo unavyosikia

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Chini ya bahari za dunia imelazwa mikongo ya mawasiliano yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita milioni moja, na karibu mawasiliano yote baina ya mabara hupita humo. Mikongo hiyo imekwisha kulipiwa na wafanya biashara ya simu na intaneti. Swali ambalo wataalamu walijiuliza ni hili: je, mkongo huo huo hauwezi kufanya kazi ya pili?

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ndani ya nyuzi hizo hupita mwanga wa leza. Kioo hicho ni safi sana, lakini si safi kabisa. Katika kila hatua yake mna kasoro ndogo ndogo ambazo hurudisha nyuma chembe ya mwanga. Uzi ukivutwa hata kidogo sana kwa sababu sakafu ya bahari imetikisika, mwanga unaorudi hubadilika. Mtaalamu aliyekaa pwani na mtambo wake huusoma mwanga huo, na kwa kupima muda uliotumika kurudi hujua ni sehemu gani ya uzi iliyoguswa. Kwa njia hii kila mita chache za uzi hugeuka kuwa kipimo cha tetemeko. Upungufu wake ni kwamba mtambo huu huona kiasi cha kilomita 100 hivi kutoka pwani. Zaidi ya hapo mwanga unaorudi huwa hafifu mno.

Kwa umbali mkubwa zaidi ziko njia nyingine. Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza, wakiongozwa na Giuseppe Marra, walionyesha kwamba leza iliyotulia sana inaweza kutambua matetemeko kwa kutumia nyuzi za kawaida, ukiwamo mkongo wa baharini kati ya Malta na Sicily. Mwaka 2022 walifanya hivyo kwa mkongo wa kilomita 5,860 unaovuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada. Katika mkongo mrefu, kila baada ya kilomita 60 hadi 100, huwekwa kikuzaji, yaani chombo kinachoupa mwanga nguvu mpya. Waliweza kukitumia kila kipande kilicho kati ya vikuzaji viwili kama kipimo kinachojitegemea. Nako Marekani, mwaka 2021, wataalamu walioongozwa na Zhongwen Zhan walitangaza kwamba, bila kuongeza chombo chochote baharini, walisoma mageuko ya mwanga katika mkongo wa kilomita 10,000 na ushei kutoka Los Angeles hadi Valparaiso, nchini Chile. Katika miezi ipatayo 9 walitambua matetemeko yapatayo 20, pamoja na misukosuko ya mawimbi yaletwayo na dhoruba.

Faida ya mwanga ni mwendo wake. Ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Habari ya jambo lililotokea kilomita 2,000 kutoka pwani hufika kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Tsunami itahitaji karibu saa 3 kuupita umbali huo huo. Katika saa hizo 3 shule zaweza kufungwa, wagonjwa kuhamishwa, na mashua kuitwa zirudi.

Lakini ni wajibu wangu kuwaeleza pia mipaka ya elimu hii. Uzi wa kioo husikia tetemeko vizuri kuliko unavyosikia tsunami. Tetemeko huja kwa mtikisiko wa haraka; tsunami ya kilindini hupita polepole, na mvuto inaoutia kwenye uzi ni mdogo mno. Uzi huo huo hurefuka na kufupika kwa mabadiliko ya joto la maji, na huguswa na kupwa na kujaa kila siku. Kuitenga tsunami na mambo hayo yote ni kazi ngumu. Aidha, habari zinazotolewa na mtambo mmoja kwa siku moja ni nyingi mno, na zahitaji kompyuta zenye nguvu kuzichambua kabla wakati haujapita. Kwa hiyo anayesema kwamba mikongo iliyopo leo inaweza kuachiwa peke yake ulinzi wa pwani anatia chumvi.

Kwa sababu hiyo kuna mpango wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio wa kutufaa zaidi. Tangu 2012 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani la mawasiliano, la hali ya hewa, na tume ya bahari ya UNESCO, yamekuwa na kamati ya pamoja inayohimiza kwamba mikongo mipya ya biashara itengenezwe tangu kiwandani ikiwa na vipimo vitatu katika vikuzaji vyake: kipimo cha joto, cha mgandamizo wa maji, na cha mtikisiko. Mgandamizo ndio unaoipima tsunami yenyewe. Umeme upo tayari ndani ya mkongo, na njia ya kupeleka habari ipo tayari. Ureno, nchi isiyosahau tetemeko na mawimbi yaliyoubomoa mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, imeamua kwamba mkongo wake mpya wa kilomita 3,700 hivi, unaounganisha bara na visiwa vya Azores na Madeira, uwe wa namna hiyo. Mkataba wake ulitiwa saini 2024.

Pwani yetu

Wapo watakaouliza kama haya yanatuhusu sisi, ambao katika historia inayokumbukwa hatujaumizwa sana na tsunami. Nawajibu kwa habari ya Pangani. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo wa Tanzania, walitangaza matokeo ya uchimbaji katika eneo la Ghuba ya Pangani. Walikuta tabaka la mchanga lililoletwa na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu waliokuwa wakiishi hapo. Inadhaniwa kwamba wimbi hilo nalo lilitoka upande wa Sumatra. Kwa hiyo kinachotudanganya ni ufupi wa kumbukumbu zetu. Zaidi ya Sumatra, kuna mpasuko wa Makran, mbele ya pwani za Iran na Pakistan, ulioleta tsunami mwaka 1945 na ulio karibu nasi zaidi kuliko Sumatra.

Upande wa mikongo, hali yetu si ya unyonge. SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na mingine imeongezeka. Kila mtumishi anakumbuka Mei 2024, mikongo miwili ilipokatika upande wa Afrika ya Kusini na kazi za ofisi zikazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Siku ile tulitambua kwamba nyuzi hizi ni mishipa ya uchumi wetu. Tusisahau pia Tonga: Januari 2022 volkano ya baharini iliukata mkongo wake mmoja wa nje, na nchi ikakosa mawasiliano hayo kwa majuma yapatayo matano. Mkongo unaolinda nao wahitaji kulindwa, na nchi yenye njia moja tu imejiweka hatarini.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu.

Kwanza, mlango wa kuingilia ni leseni. Kampuni ikitaka kutua na mkongo mpya katika ardhi yetu huja kuomba kibali. Hapo ndipo pa kuuliza: je, vikuzaji vyake vitakuwa na vipimo? Je, habari zake zitafika kwenye Mamlaka ya Hali ya Hewa bila malipo na bila kuchelewa? Mkongo ukishalazwa hudumu kiasi cha miaka 25, na vipimo haviongezwi baadaye. Swali lisipoulizwa siku ya leseni, limekwisha kwa kizazi kizima. Makampuni yatasema gharama inapanda, na ni kweli. Kwa hiyo gharama hiyo izungumzwe kwa uwazi, na igawanywe na nchi zote zinazofaidika, kwa maana wimbi haliulizi mpaka. Yatazuka pia maswali ya usalama, kwa kuwa uzi unaosikia tetemeko huweza kusikia na meli zinazopita. Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yawekwe katika mkataba. Yasiwe sababu ya kuliacha jambo lenyewe.

Pili, vijana wetu wafundishwe kuzisoma habari hizi. Vyuo vyetu vina walimu wa jiolojia, wa bahari na wa kompyuta, lakini mara nyingi kila mmoja hukaa katika idara yake. Kazi hii yawataka wakae pamoja. Tukingoja kuletewa tafsiri ya habari za bahari yetu kutoka ng'ambo, tutakuwa tumenunua saa tusiyojua kuisoma.

Tatu, na hili ndilo lenu ndugu walimu, onyo lisilomfikia mvuvi si onyo. Mwanga hupita bahari nzima kwa nukta, kisha habari ikalala saa 2 juu ya meza ya ofisa asiye na namba ya simu ya mtendaji wa kijiji. Kila wilaya ya pwani, tangu Mkinga hadi Mtwara, yafaa ijue ni nani hupokea taarifa usiku, nani hupiga kengele, na watu wakimbilie mwinuko gani. Na hayo yafanyiwe mazoezi.

Msidhani kwamba elimu ya darasani ni kitu kidogo katika jambo hili. Siku ile ya 2004, katika ufuko mmoja wa Phuket, nchini Thailand, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10 aliona bahari ikitoa povu na kufanya mambo yasiyo ya kawaida. Majuma mawili nyuma mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha habari za tsunami. Akawaambia wazazi wake, nao wakawaambia wengine, na ufuko ukaondolewa watu kabla maji hayajafika. Na katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na mahali tetemeko lilipoanzia, walikufa watu 7 tu kati ya watu wapatao 78,000, kwa sababu wazee walikuwa wamewarithisha vijana habari za wimbi la 1907: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani, usirudi kuchukua kitu. Hawakuwa na leza wala setilaiti.

Mitambo na mafundisho havishindani. Somo la mwalimu humwokoa aliye karibu na tetemeko, anayelihisi kwa miguu yake. Uzi wa kioo humwokoa aliye mbali, asiyehisi chochote, kama walivyokuwa watu wa Dar es Salaam mchana ule. Sisi tuko mbali, na umbali huo ni mali tuliyopewa bure: ni saa nyingi za kujiokoa. Mwaka 2004 tuliipoteza yote. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 5 Novemba kuwa siku ya kuikumbusha dunia juu ya tsunami. Napendekeza kwamba siku hiyo kila shule ya pwani iwe na somo moja na zoezi moja la kukimbilia mahali pa juu. Halihitaji fedha za kigeni, wala halihitaji kungoja mkongo wowote.